Moli za elementi katika kampaundi

Moli za elementi katika kampaundi ni kiasi cha atomu za kila elementi zilizomo katika kampaundi ya kikemia, kikitajwa kwa moli. Moli (alama: mol) ni kipimo cha SI cha kiasi cha dutu. Tangu mwaka 2019 moli 1 ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili.

Namba ndogo katika fomula huonyesha idadi ya atomu, na pia idadi ya moli za elementi katika moli 1 ya kampaundi. Dazeni moja ya baiskeli ina dazeni mbili za magurudumu. Vivyo hivyo moli 1 ya maji (H₂O) ina moli 2 za hidrojeni na moli 1 ya oksijeni.

Mfano wa mrututu

Mrututu wa buluu una fomula CuSO₄·5H₂O. Kitone kilicho katikati si alama ya kuzidisha: kinaonyesha kwamba kila CuSO₄ imeshikamana na molekuli 5 za maji ndani ya fuwele. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Oksijeni ipo mahali pawili, 4 katika salfeti na 5 katika maji, hivyo jumla ni 9. Hidrojeni ni 10, shaba 1 na sulfuri 1.

Tuseme tumepima gramu 49.9 za mrututu huo. Kwanza hutafutwa masi ya moli 1, kwa kutumia Cu = 63.5, S = 32, O = 16 na H = 1:

63.5 + 32 + (9 × 16) + (10 × 1) = 249.5 g/mol

Moli za mrututu ni 49.9 ÷ 249.5 = 0.2. Kwa hiyo kuna moli 0.2 za shaba, 0.2 za sulfuri, 1.8 za oksijeni na 2 za hidrojeni.

Jibu lihakikiwe kwa kurudi kwenye gramu: 12.7 + 6.4 + 28.8 + 2 = 49.9. Jumla isipolingana na uzito wa mwanzo, kuna atomu iliyosahauliwa. Angalia pia kwamba moli 1.8 ni za atomu za oksijeni. Zingekuwa gesi ya O₂, zingekuwa moli 0.9 tu.

Maji yakiondoka

Mrututu ukipashwa moto vya kutosha hupoteza maji na kuwa unga mweupe, CuSO₄, wenye masi ya 159.5 g/mol. Gramu 49.9 hubaki 31.9, lakini moli za shaba ni zilezile 0.2. Kinyume chake, anayepima gramu 49.9 za unga mweupe huku akifuata maelekezo ya ule wa buluu atakuwa amechukua moli 0.313 za shaba, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya alichokusudia. Kwa hiyo fomula iliyoandikwa kwenye chupa isomwe hadi mwisho, pamoja na maji yake, kabla ya kugusa mizani.