Nyumbani Hakukungoji

Umeolewa mbali, umepata kazi mbali, au ulihamishwa na wazazi ukiwa bado mgongoni. Utajuaje kwamba kwenu bado ni kwenu? Majirani zetu wa Katumba na Mishamo wameishi na swali hilo tangu 1972.

Hebu jiulize, msomaji wangu: leo hii debe la mahindi huko kwenu ni shilingi ngapi? Nani amefiwa mwezi uliopita? Ule mwembe wa uani bado upo? Kama umejibu haraka, basi uko mbali lakini kwenu unako. Kama umekwama, usione aibu, mko wengi. Ila ujue kwamba ulichonacho kichwani ni picha. Picha haizeeki, lakini kwenu kunazeeka kila siku.

Sisi tuliotoka Kasokola, kata iliyo kwenye Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, tukikutana Dar es Salaam tunaulizana jambo moja mapema sana: mara ya mwisho ulikwenda lini? Hakuna anayeuliza kama unapakumbuka. Kupakumbuka ni rahisi, hata mlevi anapakumbuka kwao. Linaloulizwa ni kwamba habari ulizonazo ni za lini.

Na si sisi tu. Kuna binti aliyeolewa Mbeya, kijana aliyekwenda kutafuta maisha Johannesburg, dada anayefanya kazi za ndani Muscat na kupiga simu saa ambazo tajiri wake amelala. Wote hao wanaishi kwa miguu miwili, mmoja huku, mwingine kule. Lakini ukitaka kuona maisha hayo yakiishiwa kwa miaka 50 na zaidi, huna haja ya kupanda ndege. Panda gari pale Mpanda, nenda Katumba.

Waliokuja 1972

Aprili 1972 Burundi ilichafuka. Uasi ulizuka kusini mwa nchi na Watutsi wengi wakauawa, kisha jeshi la serikali ya Rais Michel Micombero likalipa kisasi kwa Wahutu, hasa waliokuwa wamesoma. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 100,000 na kufika hata 300,000. Waliokimbia wakavuka mpaka kuja kwetu, na serikali ya Tanzania ikawapa ardhi: Ulyankulu kule Tabora, Katumba na baadaye Mishamo huku kwetu, wakati Katavi bado haijawa mkoa. (Katavi tumeupata mwaka 2012.)

Walipewa pori. Miombo na mbung'o. Wakafyeka, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 Mishamo ilishahesabiwa kuwa inajitegemea. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Yaani uliweza kulisha mji mzima kwa mahindi yako, lakini wewe mwenyewe kwenda mjini uombe ruhusa.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikuja huku miaka hiyo ya 1980, akakaa na watu wa Mishamo na pia na Warundi waliokuwa wamejichanganya na wenyeji wa Kigoma mjini. Kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka 1995. Alichokiona ni hiki: watu wa Mishamo walikuwa wakiisimulia Burundi kila kukicha, wakijiona ni taifa lililo safarini, siku moja litarudi. Wa Kigoma mjini walikuwa wanachanganyika, wanaoana na wenyeji, wanabadili hata namna ya kujitambulisha kulingana na siku na shida iliyopo.

Mwingine atasema wa Mishamo ndio waliopenda kwao zaidi. Mimi sisemi hivyo. Kusimulia kwenu siyo sawa na kuwasiliana na kwenu. Simulizi ilikuwa tamu na iliwashika watu pamoja, lakini Burundi iliyokuwemo ndani yake ilisimama mwaka 1972. Ile Burundi yenyewe haikusimama. Mashamba waliyoyaacha, hasa kwenye zile ardhi nzuri za pwani ya Ziwa Tanganyika kule Rumonge na Nyanza-Lac, yalipata watu wengine. Watoto wa watu hao wakazaliwa humo, wakakua humo, nao wakaita hapo nyumbani.

Swali lililoingia chumbani

Amani ilichukua muda. Mazungumzo ya Arusha aliyaongoza Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, akafuata Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa saini Agosti 2000. Hatimaye, mwaka 2007, wakimbizi wa 1972 wakaulizwa na serikali swali ambalo naamini ni gumu kuliko maswali yote ambayo mke na mume wanaweza kuulizwa: mnarudi, au mnakuwa Watanzania?

Sasa vuta picha. Mume alitoka Burundi ana miaka minane, anakumbuka kilima, anakumbuka jina la mto. Mke kazaliwa Katumba mwaka 1975. Kirundi anakijua, lakini mama yake amezikwa hapo, shoga zake wako hapo, shamba analolijua ni hilo. Mume anasema turudi nyumbani. Mke anasema mimi niko nyumbani. Hapo hakuna mwenye makosa, na wala mapenzi hayajapungua. Ni neno moja tu, nyumbani, na kila mmoja ana maana yake.

Karibu wanne kati ya kila watano walichagua uraia wa Tanzania. Waliobaki, zaidi ya watu 40,000, walichagua kurudi. Na ukoo mwingine uligawana kwa makusudi: kaka mmoja anarudi kudai kiwanja cha baba, mwingine anabaki kulinda shamba la Katumba. Wapo waliowasema vibaya, eti wanakula kotekote. Mimi naona walikuwa na akili nyingi. Kaka aliyetangulia akishapiga simu mara tatu, aliyebaki anajua ukweli wa kule, siyo ule wa hadithi.

Na ukweli haukuwa mwepesi. Wengi walikuta ardhi yao ina mtu. Burundi ilikuwa imeunda tume ya kushughulikia migogoro ya ardhi mwaka 2006, lakini unamwambia nini mtu aliyelima shamba kwa miaka 30 akiamini ni lake? Wasio na pa kwenda wakajengewa vijiji vipya. Watoto walioanza shule kwa Kiswahili wakakuta darasani kuna Kifaransa. Mtoto aliyeitwa Mrundi Tanzania nzima akafika Burundi na Kiswahili chake kikamfanya mgeni tena.

Waliobaki nao walikuwa na lao. Mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa uraia, lakini vyeti havikuja, kwa kuwa mpango ulikuwa kwanza wahame, watawanywe mikoa mingine. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014, na safari hiyo waliruhusiwa kubaki pale pale. Hebu hesabu: miaka minne ya Burundi umeshaikana, na Tanzania hujaishika mkononi. Ungeezeka bati? Ungemposa binti wa watu ukamwahidi nyumba wapi?

Wageni wa Morogoro

Hapa kuna jirani mwingine ninayetaka umkumbuke, maana alikaa nchini kwetu miaka ile ile. Siku hizi tukisikia Afrika Kusini tunafikiria vijana wetu wanaokwenda kutafuta huko. Lakini zamani wao ndio walikuwa ugenini, na ugenini kwao ilikuwa Tanzania. Mwaka 1977 chama cha ANC kilipewa lililokuwa shamba la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, kikajenga shule yenye jina la Solomon Mahlangu, yule kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Hao kuandika nyumbani ilikuwa hatari. Barua yenye stempu ya Tanzania ingeweza kumletea mama yako polisi mlangoni. Kwa hiyo wengine walinyamaza miaka na miaka, na wengi walitumia majina yasiyo yao. Humo humo wakapenda. Wasichana wa Morogoro waliolewa nao, wakazaa nao, na wapo waliomjua mwenza wao kwa jina la bandia tu. Februari 1990 marufuku ya ANC ikaondolewa, watu wakaanza kurudi, na 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa serikali yetu. Kuna wanawake waliofunga mizigo wakaondoka na waume zao. Kuna waliobaki na watoto na jina ambalo ukilitafuta halipo popote.

Na hao waliokwenda? Walikuta mume naye ni mgeni kwao, mtaa aliousimulia kila jioni kule Mazimbu umebadilika. Mke wa Kitanzania akajikuta anaitwa makwerekwere, neno la dharau kwa Mwafrika wa kutoka nje. Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni ziliua zaidi ya watu 60 nchini humo. Nchi iliyofichiwa watu wake na majirani ikawa inawafukuza majirani. Inauma, lakini kizazi kilichokuwa kinachoma vibanda hakikuwahi kusimuliwa Morogoro. Habari zile zilibaki vichwani mwa waliorudi.

Simu unayo, unaongea nini?

Leo visingizio vimepungua. Wenzetu walisubiri ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi isiyofungwa, ya habari za familia tu. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi kwa jina Gahuzamiryango, yaani chenye kuunganisha familia, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kusaidia waliopoteana watafutane. Mtu alikaa na redio sikioni akisubiri jina la ukoo wake. Wewe una WhatsApp, na kwenye grupu la familia unachoandika ni "amina" na "poleni".

Tuseme kweli, tangu M-Pesa ifike nchini mwaka 2008, wengi wetu tumebadilisha mazungumzo kuwa miamala. Unatuma, wanajibu imefika, Mungu akubariki, basi. Pesa tuma, dada yangu, tena tuma sana. Ila baada ya kutuma piga, uulize vitu vidogo: mvua imeanza? Jirani amerudi hospitali? Nani kaoa? Na ukiambiwa habari mbaya usikatishe simu ukimbilie kutuma tena. Wakishazoea kwamba ukisikia shida unahangaika, wataanza kukuficha. Utaletewa habari nzuri tupu, na siku utakayofika utashangaa mama alivyokonda.

Kama una shamba, jua nani analilima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu ardhi isiyotumika kwa muda usiopungua miaka 5 kutangazwa kuwa imetelekezwa. Kwa hiyo yule binamu unayemwona anakula bure mahindi yako huenda ndiye anayekutunzia haki yako. Mwandikishane, muelewane, halafu umshukuru. Na kama uko nje unataka kuchukua uraia wa huko, kumbuka sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Zungumza na mwenzako kabla hujajaza fomu, siyo baada.

Umempata mchumba huko huko uliko? Mpeleke kwenu mapema, wakati wa mavuno watu wakiwa na furaha. Wengi wetu tunawapeleka wenza wetu kwa mara ya kwanza msibani, na kwa mwenza huyo kwenu kunabaki ni mahali pa kulia na kuchangishwa. Ukioa au kuolewa na mtu wa mbali, ukubali pia kwamba ana picha yake ya nyumbani ambayo wewe humo hamna. Usiigombanie. Muulize tu habari zake ni za mwaka gani, kisha mwende wote mkaone.

Halafu watoto. Katumba kuna nyumba ambazo Kirundi kimebaki mdomoni mwa bibi peke yake. Mtoto anasikia, anajibu kwa Kiswahili. Hiyo siyo aibu, ni maisha. Na kwenu wewe huenda ni Kibende, au Kifipa, au Kisukuma. Usisubiri mtoto akue ndipo umfundishe kwa kitabu. Ukimpigia bibi yake Jumapili, usiongee wewe dakika 20 halafu mtoto aambiwe "msalimie bibi". Mpe simu aondoke nayo nje. Mwache bibi amuulize mwenyewe amekula nini, na amrekebishe akikosea.