Geuza Kitako Kwanza: Desturi za Wakusanyaji wa Askari wa Plastiki

Uingereza na Marekani kuna jamii isiyounganishwa na damu wala kabila. Kinachowaweka pamoja ni askari wa kuchezea wa plastiki, wenye kimo cha milimita 54 hivi, ambao watoto wa miaka ya 1950 na 1960 waliwapanga uwanjani na kuwaangusha kwa kokoto. Wengi katika jamii hii ni wazee waliocheza nao utotoni. Leo wanawatafuta, wanawasafisha na kuwaandikia historia. Wana miiko na masoko yao, na desturi zao zote zinalenga jambo moja: kitu cha bei nafuu, kilichotengenezwa kichezewe kisha kitupwe, kisipotee pamoja na habari zake.

Asili yao ni askari wa madini ya risasi. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kuwamimina wakiwa na uwazi ndani, wakawa wepesi na nafuu zaidi. Mwaka 1938 kampuni ya Bergen ya New Jersey ikatoa wale wanaohesabiwa kuwa askari wa plastiki wa kwanza Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mtengenezaji wa vichezeo Louis Marx aliuza vita vizima ndani ya sanduku moja: ngome, farasi na vikosi viwili vya maadui. Seti kama Fort Apache ziliingia majumbani kupitia katalogi za duka la Sears. Uingereza nako, mchongaji Roy Selwyn-Smith aliwapa askari wa chapa ya Herald maumbo yenye uhai, kisha akabuni Swoppets, ambao mtoto aliweza kuwabadilisha vichwa, mikanda na silaha. Mwaka 1966 kampuni ya Britain, ijulikanayo kama Britains, ikaacha kabisa kutengeneza askari wa risasi.

Desturi ya kwanza anayofundishwa mgeni ni kumgeuza askari na kusoma kitako chake. Hapo ndipo penye jina la kampuni na nchi. Askari wa Herald wa umbo lilelile aweza kuwa amezaliwa Uingereza au, baadaye, Hong Kong, na kwa mkusanyaji hao ni wawili tofauti. Baada ya macho, vidole hupima: plastiki hii ni laini au ngumu, rangi imeiva au imepauka?

Miiko nayo ni mikali. Askari wa zamani hapakwi rangi upya. Rangi haishiki vizuri kwenye polithini, hivyo wengi wamebanduka. Hata hivyo aliyebanduka na kubaki na rangi yake ya kiwandani huheshimiwa kuliko anayeng'aa kwa brashi ya jana. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, wala hakunjwi, kwa kuwa plastiki iliyozeeka hukauka ikavunjika. Jua ni adui yake.

Mwiko mkubwa kuliko yote unahusu kalibu. Kiwanda kikifa, kalibu zake za chuma huuzwa, na mnunuzi aweza kumimina askari wapya wenye sura ya wale wa kale. Kuwauza wapya hao si kosa, lakini kuwaita wa zamani ni aibu inayomwondolea muuzaji heshima sokoni.

Masoko yenyewe ni makutano ya ukoo. Jarida la Plastic Warrior, lililoanza Uingereza mwaka 1985, huandaa onyesho la kila mwaka. Marekani, wakusanyaji humiminika karibu na Chicago. Mezani hujaa masanduku ya farasi wasio na wapandaji na wapandaji wasio na farasi. Watu hubadilishana vipande na, pamoja navyo, maarifa: seti fulani ilikuwa na mizinga mingapi, na bendera yake ilikuwa ya rangi gani.

Maarifa hayo yanahitajika, kwa maana viwanda vingi havipo tena vya kuulizwa. Vita vya Vietnam viliwafanya wazazi wengi wachukie vichezeo vya kivita, na msukosuko wa mafuta wa 1973 ukapandisha bei ya plastiki. Marx aliuza kampuni yake mwaka 1972, na kufikia 1980 ilikuwa imekufa. Hata jumba la makumbusho ya Marx huko Moundsville, West Virginia, lilifungwa mwaka 2016.

Heshima ya nje imekuja pia. Mwaka 2014 askari wadogo wa plastiki wa rangi ya kijani waliingizwa katika Jumba la Taifa la Heshima ya Vichezeo, Rochester. Miaka michache baadaye, msichana mdogo alipoandika kuuliza kwa nini hakuna askari wa kike, kampuni ya BMC Toys ikawatengeneza.

Lakini makabati ya wazee hawa yatarithiwa na watoto ambao hawakucheza vita hivyo. Ndiyo maana naiona desturi yao ya kuandika kuwa bora kuliko zote: kumpa kila askari lebo, kampuni na mwaka wake. Mrithi asiyemjua askari atamtupa. Aliyeachiwa maandishi atajua ameshika kazi ya mchongaji na ya wafanyakazi wa kiwanda, na atakuwa na sababu ya kuitunza.