Pampu ya Petroli katika Gari la Zamani

Njia itokayo Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, hata kufika Bunia ni njia ya kupanda. Ziwa liko kama mita 620 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bunia u karibu mita 1,275. Basi gari lenye mzigo wa samaki na abiria hupanda zaidi ya mita 600 katika jua kali. Gari jipya halioni taabu. Lakini wako bado wenye magari ya zamani ya petroli, kama Land Rover na Peugeot 404, nao wajua vema mahali ambapo injini huanza kukohoa, kisha ikazimika. Mara nyingi sababu ni chombo kidogo kama ngumi: pampu ya petroli.

Kazi yake

Katika magari hayo pampu hufungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mna kiwambo, yaani utando uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Injini izungukapo, mkono mdogo wa chuma hukivuta kiwambo, petroli ikaja kutoka tangini. Kisha springi hukirudisha, petroli ikaenda kwenye kabureta. Nguvu yake ni ndogo, kiasi cha ratili 2 hadi 4 kwa kila inchi ya mraba. Tena ina wema mmoja mkubwa: injini ikisimama, nayo husimama.

Maradhi yake

Ugonjwa wa kwanza ni joto. Petroli huchemka ndani ya bomba, na pampu hubaki kuvuta mvuke mtupu. Kadiri gari lipandavyo mlima, ndivyo petroli ichemkavyo upesi zaidi, kwa kuwa uzito wa hewa hupungua. Dawa yake ni kusimama, kufungua boneti, kuweka kitambaa chenye maji juu ya pampu, na kungoja.

Ugonjwa wa pili ni kuchanika kwa kiwambo. Huo hauponi kwa maji. Petroli hudondoka nje, karibu na injini ya moto, au hupenya ndani na kuchanganyika na oili. Kwa hiyo chomoa kijiti cha kupimia oili, unuse. Kikinuka petroli, au oili ikionekana kuzidi bila kuongezwa, gari lisitembee mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe. Kiwambo ni kitu kidogo, bali injini iliyosagika kwa oili nyepesi ni hasara kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hila ya dumu

Pampu ikifa njiani, madereva wengine hufunga dumu la petroli juu ya paa na kuteremsha mpira hadi kwenye kabureta. Hila hii yafanya kazi, maana petroli iliyo mita 1 juu ya kabureta husukuma kwa ratili 1 hivi. Lakini mpira ukichomoka, petroli yote yamwagikia injini, na abiria wamo garini. Petroli haina mzaha. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 200.

Pampu ya pili

Msaada ulio bora ni pampu ndogo ya umeme. Lakini yapasa kushika mambo manne.

Kwanza, uchague pampu ya magari yenye kabureta. Pampu ya magari ya kisasa husukuma kwa nguvu mara kumi na zaidi, hata kabureta ikafurika.

Pili, uifunge karibu na tangi, chini, pamoja na chujio mbele yake. Pampu ya umeme ni hodari wa kusukuma, si wa kuvuta.

Tatu, usipitishe petroli yake ndani ya pampu ya zamani. Kiwambo kikichanika, pampu ya umeme itasukuma petroli moja kwa moja ndani ya oili. Kila pampu iwe na njia yake, yenye vali ya kuzuia petroli isirudi nyuma. Au uiondoe kabisa ile ya zamani, na tundu lake lizibwe kwa kibati.

Nne, na hili ndilo kubwa: pampu ya umeme haijui kwamba injini imezimika. Gari likipinduka na bomba likikatika, itaendelea kumwaga petroli maadamu betri ina nguvu. Basi iwe na fyuzi, na swichi ya usalama ikatayo umeme gari ligongapo, au ile ikatayo oili ikikosa nguvu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fundi akikuletea pampu ya pili, usimwulize bei tu. Mwulize na hili: siku ya ajali, ni kitu gani kitakachoisimamisha?