Gari Linakula Oili? Msinuniane Kwanza!
Fundi kasema injini ishushwe, na pesa iliyopo ni ile ya kiwanja cha Buswelu. Subirini! Asubuhi, gari likiwa limepoa mahali tambarare, pimeni oili kwa kijiti chake, muandike na kilomita. Kisha shukeni mteremko wa Capri Point gari likiwa kwenye gia, dereva kaachia mafuta. Mkifika chini akanyage, mwenzake atazame nyuma. Moshi wa bluu ukitoka kidogo ukakata, mshukiwa ni sili za valvu, na hizo mara nyingi hubadilishwa bila kushusha injini. Ukitoka mfululizo mkipanda, pengine ringi za pistoni zimekwisha. Fundi apime kompresheni kwanza, asikisie. (Mweusi ni mafuta kuzidi, hiyo kesi nyingine.) Hakuna moshi kabisa? Tandikeni boksi chini ya injini usiku kucha, huenda inavuja tu.