Milioni moja kwa mechi mbili: hesabu ya kuitwa bila kufuzu

Oktoba 2023, TP Mazembe ya Lubumbashi ilicheza mechi mbili za African Football League dhidi ya Espérance ya Tunis. Ikashinda 1-0, ikafungwa 3-0, safari ikaishia hapo. Fungu la klabu inayotolewa katika hatua hiyo lilikuwa dola milioni 1. Msimu huohuo, klabu iliyoishia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya kupita mchujo na kucheza mechi sita za makundi, fungu lake lilikuwa dola 900,000. Njia fupi ililipa kuliko njia ndefu, na mlango wa njia hiyo fupi haukufunguliwa kwa mabao. Mazembe iliitwa.

Nafasi ya mwaliko ni bidhaa ya zamani katika biashara ya michezo. Mashindano ya dunia ya speedway, yale ya pikipiki zisizo na breki zinazozungushwa kwenye udongo waendeshaji wanne wanne, yameishi nayo tangu mfumo wa Grand Prix uanze mwaka 1995. Mwenyeji wa kila mzunguko hupewa kiti cha mwendeshaji mmoja wa kwao, na kamati hugawa viti vingine vya msimu mzima. Mwandaaji wa Poland anajua kwamba kijana wa mji wake atauza tiketi kuliko mgeni mwenye rekodi nzuri. Ndiyo maana ugomvi haukosekani pale kinda anapopewa kiti na aliyemzidi alama akabaki nyumbani. Kiti kile ni cha michezo na ni cha soko kwa wakati mmoja, na mgawaji hasemi ni lini amevaa kofia ipi.

Afrika ililiona jambo hilo kwa ukubwa wake Agosti 2022 mjini Arusha, rais wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF), Patrice Motsepe, alipozindua wazo la ligi kuu ya bara, lililokuja kuwa African Football League. Ahadi ilikuwa klabu 24, zawadi za jumla ya dola milioni 100, na dola milioni 11.5 kwa bingwa. Mwaka mmoja baadaye zilizoingia uwanjani zilikuwa klabu 8, na fungu la bingwa, Mamelodi Sundowns, lilikuwa dola milioni 4. Visit Saudi, chapa ya utalii ya Saudi Arabia, ilikuwa miongoni mwa wadhamini. Keki iliposinyaa, swali la nani aketi mezani likawa zito zaidi.

Walioketi walikuwa Al Ahly, Wydad, Espérance, Sundowns, Petro de Luanda, Enyimba, Simba na Mazembe. Nchi nane, klabu nane. Kwa mdhamini, huo ni mpango mzuri, kwa kuwa kila klabu huja na taifa lake la watazamaji. Kwa klabu ya pili ya nchi yoyote ni ukuta. Raja na Zamalek zilibaki nje. USM Alger, iliyotwaa Kombe la Shirikisho mwaka huohuo wa 2023 na kisha kuifunga Al Ahly katika Super Cup, haikuwamo.

Kilichowauma zaidi wasomaji wa Dar es Salaam kinatuhusu pia sisi wa Katanga. Yanga, si Simba, ndiyo iliyokuwa bingwa wa Tanzania. Katika makundi ya Kombe la Shirikisho ilikutana na Mazembe, ikashinda 3-1 kwao na 1-0 hapa Lubumbashi, kisha ikafika fainali na kulikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Miezi michache baadaye aliyefungwa mara mbili akaitwa, aliyemfunga akaachwa. Mimi ni wa mji huu na furaha ya Kamalondo, mtaa wa Mazembe, ni furaha yangu, lakini hesabu hiyo siwezi kuitetea kwa matokeo ya mwaka ule.

Inatetewa kwa historia, na historia ina thamani yake sokoni. Mazembe ina mataji matano ya Ligi ya Mabingwa, la mwisho likiwa la 2015, na ndiyo klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Abu Dhabi mwaka 2010. Simba nayo ilikuwa imefika robo fainali za Afrika mara kadhaa katika miaka mitano iliyotangulia. Mtangazaji wa televisheni hununua majina yanayojulikana. Kasoro ni kwamba thamani ya jina haina kipimo ambacho klabu changa inaweza kukifukuzia. Rais wa Saint-Éloi Lupopo, jirani yetu, anaweza kumwambia mfanyabiashara wa madini kwamba ushindi kadhaa unaleta fedha fulani. Hawezi kumwambia ni lini Lupopo itakuwa na jina la kutosha.

Na hata aliyeitwa hakula vyote. Mechi ya nyumbani ya Mazembe dhidi ya Espérance ilichezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Mazembe ina uwanja wake Kamalondo tangu 2011, na siku ya mechi kubwa mtaa mzima hufanya kazi: wachoma michopo, wauza bia iitwayo Simba, wenye jezi nyeusi na nyeupe, madereva wa pikipiki. Fungu la milioni huingia katika akaunti ya klabu. Senti za mlangoni na barabarani, ambazo ndizo zinazofika kwa watu wengi, siku ile zilibaki pwani.

Kwa mchezaji kijana, nafasi ni dirisha la duka. Fiston Mayele, Mkongomani aliyeichezea Yanga, alifunga mabao 7 katika Kombe la Shirikisho la 2022/23, akawa mfungaji bora, na mwaka huohuo akaenda Pyramids ya Misri. Mbwana Samatta alitoka Simba kuja Mazembe mwaka 2011, akawa miongoni mwa wafungaji bora wa Ligi ya Mabingwa 2015, na Januari 2016 akauzwa Genk ya Ubelgiji. Bei zao zilijengwa mechi baada ya mechi, katika mashindano ambayo klabu zao ziliingia kwa kufuzu. Mechi kubwa zikianza kugawiwa kwa barua, kinda wa klabu isiyoitwa hupunguziwa bei hata kabla hajagusa mpira.

Wengi hutumaini kwamba mashindano ya kwenye skrini yatamaliza ugomvi huu, maana saa ya mashine haijui jina la mtu. Kuna ushahidi: Jann Mardenborough, kijana aliyekulia Cardiff, alishinda GT Academy, mashindano ya mbio za magari za video ya Nissan na PlayStation, mwaka 2011, na miaka miwili baadaye alipata nafasi ya tatu ya daraja lake katika mbio halisi za magari za Le Mans. Lakini mchujo wa mtandaoni unadai umeme usiokatika na intaneti ya kasi. Kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayekatiwa umeme na shirika la SNEL katikati ya mzunguko ameshatolewa na kitu kisicho kipaji. Kwake nafasi ya mwaliko ni haki, ilimradi masharti yatangazwe kabla ya mashindano, viti vihesabiwe hadharani, na anayepewa aambiwe kwa nini. CAF ingeweza kufanya hivyo kabla ya Oktoba 2023, na Yanga ingejua la kufukuzia.

Mwaka 2024 ligi ya walioalikwa haikuchezwa. Klabu yoyote iliyokuwa imeweka mapato ya ligi hiyo katika bajeti ilibaki na pengo. Mazembe, kwa bahati, ilikuwa na njia nyingine: msimu wa 2023/24 ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatoka 0-0 na Al Ahly hapa nyumbani kabla ya kufungwa 3-0 Cairo. Fungu la nusu fainali lilikuwa dola milioni 1.2.