Umaskini unapoingia kwenye kidonda

Wanawake wawili huzaa kwa upasuaji siku moja, hospitali moja, kwa mkono wa daktari mmoja. Baada ya siku kumi mmoja amepona, na mwenzake kidonda kinatoa usaha. Jamaa watasema ana damu mbaya. Mimi huuliza anaishi wapi na anakula nini.

Viini vingi vinavyoharibu kidonda hutoka kwenye ngozi au matumbo ya mgonjwa mwenyewe. Kushinda au kushindwa kwavyo hutegemea sana nguvu za mwili. Ili nyama iliyokatwa iungane, mwili wahitaji protini na damu ya kutosha. Mtu aliyezoea ugali na sukuma pekee, au mwenye kisukari ambacho hakijawahi kupimwa, hulala kwenye meza ya upasuaji akiwa tayari dhaifu.

Tena kuna kuchelewa. Mwenye apendiksi anayengoja mchango wa jamaa huenda akafika ikiwa imepasuka na usaha umejaa tumboni.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, wa wagonjwa zaidi ya 12,000 waliopasuliwa tumbo katika nchi 66, ulionyesha kuwa vidonda viliingia viini kwa wagonjwa 9 hivi kati ya 100 katika nchi zilizoendelea zaidi. Katika nchi za chini kabisa walikuwa 23.

Ewe msomaji unayengojea upasuaji, omba upimwe sukari na damu mapema. Oga kwa sabuni ya kawaida kabla ya kwenda. Usijinyoe kwa wembe, kwani mikwaruzo yake ni mlango wa viini. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2016 kwamba dawa ya kuzuia viini itolewe kabla ya kisu, isiendelezwe baada ya upasuaji. Kwa hivyo, ikiwa daktari hajakuandikia tembe, usizinunue. Pesa hizo nunua mayai, ndengu au omena.

Nyumbani, maji ya mtungi yakiwa haba, ya kunawa mikono kabla ya kugusa bendeji yatengwe kwanza. Usimwagie kidonda unga wa kapsuli wala majivu. Wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Sikiliza joto, uvimbe, harufu na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hatari hudumu takriban siku 30.

Na kama nauli ya kurudi ni shida, sema kabla hujatoka wodini. Omba barua ili zahanati iliyo karibu nawe ikubadilishie bendeji.