Umbali Kazini na Yale Yasiyosemwa

Kundi la kazi lililotawanyika ni lile ambalo watu wake hutekeleza jukumu moja wakiwa katika miji au nchi mbalimbali, na ugumu wake mkubwa si uhaba wa simu wala intaneti, bali ni kupotea kwa yale ambayo watu wa ofisi moja huyajua pasipo kuambiana. Thomas Allen, mtafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1977 kwamba mazungumzo ya kikazi baina ya wahandisi hupungua upesi kadiri meza zao zinavyoachana, na kwamba umbali wa mita 50 hivi watosha kuyafanya yawe nadra.

Hasara ya upungufu huo ilidhihirika tarehe 23 Septemba 1999, pale chombo cha angani cha Mars Climate Orbiter kilipopotea kikiwasili katika sayari ya Mirihi. Programu ya kampuni ya Lockheed Martin ilitoa hesabu za msukumo wa injini kwa kipimo cha ratili, ilhali waongozaji wa chombo, waliokuwa Pasadena, California, walizichukulia kuwa ni za nyutoni, yaani kipimo cha kimataifa cha nguvu, hivyo msukumo ukaonekana mdogo kuliko ulivyokuwa kwa zaidi ya mara nne. Baadhi yao walikwisha kuona kasoro, lakini wasiwasi wao uliishia katika barua pepe na mazungumzo, bila kuingizwa katika utaratibu rasmi wa kufuatilia matatizo.

Afrika Mashariki nayo ina mtego wake, kwa kuwa ofisa wa Nairobi anayemwandikia mwenzake wa Kigali kwamba kikao ni "saa 3" hajabainisha kama ahesabu saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu, wala kama azungumzia saa za Nairobi au za Kigali, zilizo nyuma kwa saa moja.

Dawa yake ni kuyaandika yale ambayo jirani asingehitaji kuambiwa: kipimo, saa, uamuzi na sababu yake. Ndivyo ifanyavyo Git, programu aliyoibuni Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya waandishi wa mfumo wa kompyuta wa Linux waliotapakaa duniani, ambayo huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, wakati na maelezo yake. Hata hivyo, kumbukumbu hizo hufaa pale tu ambapo kuuliza hakuhesabiwi kuwa usumbufu, kwani anayeuliza "saa 3 za wapi?" huwaokolea wenzake kikao kizima.